Namna ya Kuandika Azimio la Jumuiya ya Halmashauri za Manispaa, Kuanzia Tatizo hadi Jibu la Serikali

Msomaji muhimu kuliko wote wa azimio lako hatakuwepo ukumbini. Ni afisa wa wizara, au msaidizi wa waziri, atakayelipokea baada ya mkutano mkuu kwisha, likiwa limebanwa katikati ya maazimio mengine mengi. Hakusikia hotuba, hakuona nani alipigiwa makofi, na huenda hajawahi kukanyaga manispaa yenu. Kinachomfikia ni karatasi, na katika karatasi hiyo atakimbilia aya ya mwisho, ile inayoanza na "imeazimiwa kwamba". Akiimaliza bila kujua ni nani anaombwa kufanya nini, ataandika jibu la adabu lisilosema kitu, na jumuiya itarudi na kilio kilekile mwaka unaofuata.

Ninayoyaeleza hapa yanamfaa diwani mwenye hoja, karani wa vikao aliyeambiwa "hebu tuandikie azimio", au mkuu wa idara ambaye tatizo lenyewe liko mezani kwake. Kila jumuiya ina katiba yake na kanuni zake za maazimio: tarehe ya mwisho ya kuwasilisha, urefu unaoruhusiwa, nani atie saini. Zisome kwanza. Zikipingana na lolote lililomo humu, zifuate hizo.

Kabla ya kushika kalamu

Maazimio mengi yanayokwama yalikwama kabla hayajaandikwa, kwa sababu hakuna aliyeuliza maswali ya mwanzo.

Swali la kwanza ni la mamlaka: ni nani hasa mwenye uwezo wa kubadilisha jambo hili? Kama halmashauri yenu yenyewe inaweza kulimaliza kwa sheria ndogo au kwa bajeti, halina kazi kwenye mkutano mkuu. Kama ni la serikali ya jimbo au mkoa, lipelekwe kwenye jumuiya inayozungumza na ngazi hiyo. Nchini Kanada, kwa mfano, kuna Shirikisho la Manispaa linaloshughulika na serikali ya taifa, na kila jimbo lina jumuiya yake ya kuzungumza na serikali ya jimbo. Azimio lililogonga mlango usio wake hurudishwa hata kama kila mtu analiunga mkono. Juu zaidi ipo jumuiya ya dunia nzima ya miji na serikali za mitaa, UCLG, iliyoanza mwaka 2004 baada ya miungano ya kimataifa iliyotangulia kuungana, mmoja wao ukiwa umeasisiwa Ghent, Ubelgiji, mwaka 1913. Ngazi hiyo ni ya misimamo mipana. Shida ya mitaro ya mtaa wenu haina nafasi huko.

Swali la pili: je, halmashauri nyingine zinaumwa na jambo hilohilo? Usikisie. Piga simu kwa halmashauri tatu au nne zisizofanana na yenu, moja kubwa, moja ndogo, moja ya pembezoni. Ikiwa nyinyi peke yenu ndio mnaoumia, barua ya meya kwa waziri itafanya kazi kwa haraka na bila kelele. Azimio ni silaha ya jambo la wengi.

Swali la tatu ni kama limeshapitishwa. Sekretarieti ya jumuiya inayojiheshimu huhifadhi maazimio ya miaka iliyopita pamoja na majibu ya serikali. Tafuta humo. Ukikuta lipo, soma jibu alilotoa waziri wakati ule, kwa sababu hapo ndipo kazi yako inapoanzia. Ukirudia ombi lilelile kwa maneno yaleyale, utapata jibu lilelile. Lakini ukijibu sababu ya kukataliwa kwake, umeleta jambo jipya.

La nne hupuuzwa sana: azimio ni la kutazama nje au ndani? Mengi huomba jambo kwa serikali. Mengine huielekeza jumuiya yenyewe, kwa mfano iunde kamati, ifanye utafiti, ianzishe mafunzo ya madiwani wapya. Haya ya ndani yana bei, na bei hiyo hutoka kwenye ada za wanachama. Ukiyaandika bila kutaja fedha zitatoka wapi, mweka hazina atasimama ukumbini na kuyazima kwa sentensi moja. Kuna pia mapendekezo ya kurekebisha katiba ya jumuiya, lakini hayo hufuata njia yake, na mara nyingi hudai taarifa ya mapema na wingi mkubwa wa kura kuliko azimio la kawaida. Usiyachanganye na haya.

Anza kuandika kutoka mwisho

Sura ya azimio ni ya zamani na karibu kila mahali ni ileile: kichwa, dibaji yenye aya za "kwa kuwa", kisha kifungu cha uamuzi, "kwa hiyo basi imeazimiwa kwamba". Msomaji huisoma hivyo kutoka juu kwenda chini. Mwandishi asiiandike hivyo.

Andika kifungu cha uamuzi kwanza. Ukianza na dibaji utajikuta unasimulia historia, unatafuta maneno makubwa, na ukifika kwenye ombi umechoka na nafasi imekwisha. Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi la Marekani aliyechapisha kanuni zake za mikutano mwaka 1876, aliacha utaratibu ambao mabaraza mengi ya Amerika Kaskazini bado yanaufuata: mkutano hujadili na kurekebisha vifungu vya uamuzi kwanza, na dibaji huguswa mwisho, kwa kuwa uamuzi ukibadilika huenda sababu zake nazo zikapaswa kubadilika. Kama mkutano wenyewe hufanya kazi kutoka mwisho, mwandishi naye afanye hivyo.

Kifungu cha uamuzi kinatakiwa kubeba vitu vinne. Ni nani anayeombwa: serikali kuu, wizara fulani, mamlaka ya udhibiti. Kisiwe "wadau", kisiwe "wahusika wote". Anaombwa kufanya nini: arekebishe sheria, atoe kanuni, abadilishe mgawanyo wa ruzuku, afute ada. Kwa chombo gani: taja sheria au mpango wenyewe kwa jina lake rasmi, na kifungu kama unakijua. Na matokeo yake yaweje: halmashauri itaweza kufanya nini ambacho leo haiwezi.

Kitenzi kichaguliwe kwa uangalifu. Jumuiya haiiamuru serikali. Inaiomba, inaitaka, inaihimiza, inapinga, inaunga mkono. Kuamuru na kuelekeza ni kwa vyombo vyake yenyewe, kama kamati tendaji na sekretarieti. Mimi napendelea "iombe" kuliko "ishinikize", si kwa woga, bali kwa kuwa ukali wa kitenzi haujawahi kuongeza uzito wa ombi lisilo wazi. Kuna vitenzi vya kukwepa kabisa: "kuhakikisha", "kuimarisha", "kuzingatia", "kulifanyia kazi". Serikali ikiombwa "ilifanyie kazi suala la barabara", itajibu kwamba inalifanyia kazi, na itakuwa imesema kweli.

Ukiomba fedha, usiandike "fedha za kutosha". Andika chanzo na kanuni ya kugawa: ruzuku ipi, iongezwe kwa kufuata kipimo gani (idadi ya watu, urefu wa barabara, mfumuko wa bei), na kuanzia mwaka upi wa fedha. Mwenye mfuko huogopa ombi lisilo na mwisho kuliko ombi kubwa.

Kisha lifanyie jaribio hili: funika dibaji kwa mkono, mpe kifungu cha uamuzi mtu ambaye hajui habari hii, umuulize serikali inatakiwa ifanye nini. Akianza jibu lake kwa "nadhani", rudi mezani.

Dibaji: sababu chache, zinazoshikika

Muungano wa Manispaa za British Columbia, jimbo la Kanada, ulioanzishwa mwaka 1905, huwataka wanachama wake wasizidishe aya mbili za "kwa kuwa". Ni nidhamu nzuri hata pale isipolazimishwa. Aya ya kwanza ieleze tatizo na chanzo chake katika sheria au sera. Ya pili ieleze athari yake kwa manispaa. Ukitamani ya tatu, jiulize kama si hotuba iliyopotea njia.

Mambo matatu huharibu dibaji. La kwanza ni utangulizi wa heshima, kama "maendeleo ni haki ya kila mwananchi" au "barabara ni kiungo muhimu". Hakuna anayebisha, basi hakuna sababu ya kuandika. La pili ni lawama kwa watu au kampuni zilizotajwa kwa jina. Licha ya hatari ya kisheria, lawama humfanya msomaji ajitetee badala ya kufikiri. La tatu ndilo baya zaidi: ombi lililojificha ndani ya dibaji. Mwandishi anasema katika "kwa kuwa" ya tatu kwamba sheria "inapaswa kurekebishwa", halafu kifungu cha uamuzi kinaomba mazungumzo tu. Jumuiya itatekeleza kile kilichoazimiwa, yaani mazungumzo, na marekebisho ya sheria yatabaki hamu ya mwandishi.

Takwimu zikiwepo, ziwe za kwenu na zenye hati nyuma yake, kutoka hesabu zilizokaguliwa au rejesta ya idara. Tarakimu moja ya uhakika inatosha, nyingine ziende kwenye maelezo ya ziada.

Kichwa

Kiwe kifupi na kitaje jambo, si hisia. "Ruzuku ya Matengenezo ya Mitaro ya Maji ya Mvua" kinatosha. "Kilio cha Manispaa Zilizosahauliwa" hakitapatikana na mtu atakayetafuta kumbukumbu miaka mitano baadaye.

Mfano mmoja, mara tatu

Tuchukue jambo linaloeleweka popote: kampuni za mawasiliano huchimba barabara za manispaa kulaza nyaya, zikimaliza hufukia juujuu, na mashimo yanabaki kwa halmashauri. Katika mfano huu tuchukulie kwamba haki ya kuchimba inatolewa na sheria ya nchi, kwa hiyo sheria ndogo za halmashauri haziwezi kuizuia. Rasimu ya kwanza ya mtu mwenye hasira huja hivi:

*KWA KUWA teknolojia ya mawasiliano ni nguzo muhimu ya uchumi wa kisasa;*

*NA KWA KUWA barabara zetu zimejengwa kwa jasho la wananchi;*

*NA KWA KUWA baadhi ya kampuni zimekuwa na tabia isiyoridhisha na zinapaswa kulipa gharama za uharibifu mara moja;*

*KWA HIYO BASI IMEAZIMIWA KWAMBA wadau wote washirikiane kwa karibu ili changamoto ya uharibifu wa barabara ipatiwe ufumbuzi wa kudumu.*

Litapita. Maazimio ya namna hii hupita kwa shangwe, maana hayamgusi mtu. Aya mbili za mwanzo ni mapambo. Ya tatu ina lawama, na imeficha ombi pekee la maana, lile la kampuni kulipa gharama. Kifungu cha uamuzi hakina mtendaji: "wadau wote" hawana anwani ya posta. Na hakuna mahali sheria yenyewe ilipotajwa, ingawa ndiyo iliyozifunga mikono halmashauri.

Rasimu ya pili inaanzia mwisho:

*KWA KUWA Sheria ya Mawasiliano inazipa kampuni zenye leseni haki ya kuchimba barabara za manispaa, bila kuzipa halmashauri uwezo wa kudai dhamana ya matengenezo kabla kazi haijaanza;*

*NA KWA KUWA barabara ya lami iliyokatwa hupoteza sehemu ya uhai wake hata ikizibwa vizuri, na gharama za kuikarabati mapema huwaangukia walipakodi wa manispaa;*

*KWA HIYO BASI IMEAZIMIWA KWAMBA Jumuiya iiombe serikali kuu irekebishe Sheria ya Mawasiliano ili halmashauri ya manispaa iweze kudai dhamana ya fedha kabla barabara haijachimbwa, na kuitumia dhamana hiyo kuikarabati barabara ikiwa kampuni haijafanya hivyo ndani ya siku 60 baada ya kumaliza kulaza nyaya.*

Sasa tuna mtendaji, tendo, chombo na matokeo. Wengi wangeishia hapa. Lakini mpelekee mhandisi wa manispaa kabla hujaipeleka kwingine. Atakuambia kwamba udongo uliofukiwa huendelea kutitia kwa muda mrefu, hasa mvua zikiupata, na kiraka kilichoonekana sawa siku ya ukaguzi kinaweza kuzama msimu ujao. Siku 60 zinamkamata asiyeziba kabisa, lakini aliyeziba vibaya anapona. Mwanasheria naye atauliza: kwa viwango vya nani? Basi kifungu cha uamuzi kinaandikwa mara ya tatu:

*KWA HIYO BASI IMEAZIMIWA KWAMBA Jumuiya iiombe serikali kuu irekebishe Sheria ya Mawasiliano ili halmashauri ya manispaa iweze:*
*(a) kudai dhamana ya fedha kabla barabara haijachimbwa;*
*(b) kuitumia dhamana hiyo kuikarabati barabara, ikiwa kampuni haijaikarabati kwa viwango vya halmashauri ndani ya siku 60 baada ya kumaliza kulaza nyaya, na*
*(c) kubaki na dhamana hiyo kwa muda usiopungua miezi 24, ili kugharimia matengenezo ya sehemu itakayotitia.*

Angalia kwamba dibaji haikuguswa. Na angalia kwamba maarifa yaliyoongeza uzito hayakutoka kwa mwanasiasa wala kwa mwandishi hodari wa lugha. Yalitoka kwa mtu anayejua udongo. Kila azimio lina mtu wake wa namna hiyo ndani ya halmashauri: afisa afya, mthamini, mtu wa mapato. Mtafute mapema, kabla rasimu haijapata wapenzi wasiotaka iguswe.

Mwisho wa hatua hii, hesabu maombi. Vipengele (a), (b) na (c) ni ombi moja lenye sehemu tatu. Ukiongeza (d) kuhusu minara ya simu na (e) kuhusu kodi ya kampuni, umeandika maazimio matatu ndani ya moja, na asiyetaka (e) atayakataa yote. Jambo moja, azimio moja.

Maelezo ya ziada

Kurasa moja au mbili zinazofuatana na azimio ndizo mahali pa historia, takwimu, picha za mashimo na nakala ya barua ulizoandika bila kujibiwa. Kamati ya maazimio huzitegemea, na sekretarieti itazitumia kuandaa mazungumzo na wizara. Weka humo maneno kamili ya kifungu cha sheria kinacholalamikiwa, jibu la serikali kwa maazimio yaliyotangulia, nchi au majimbo yaliyokwisha kupata ufumbuzi, na jina la cheo cha mtu anayeweza kupigiwa simu. Mkutano hauyapigii kura maelezo haya. Kwa hiyo usiweke humo jambo lolote ambalo azimio haliwezi kusimama bila hilo.

Kulipitisha nyumbani

Jumuiya hupokea azimio la halmashauri, si la diwani mmoja. Lazima lipite kwenye baraza lenu, kikao kikiwa na akidi, na uamuzi uandikwe kwenye muhtasari. Hesabu siku kwa kurudi nyuma kutoka tarehe ya mwisho ya jumuiya: kikao cha baraza, kabla yake kamati ya kudumu husika, kabla yake siku za kusambaza makabrasha. Mara nyingi utagundua kwamba kazi ilitakiwa ianze miezi mitatu iliyopita. Palipo na jumuiya za kanda, ongeza hatua hiyo pia. Lililopitia kanda hufika mkutano mkuu likiwa na marafiki tayari.

Barazani, usiogope kulisoma neno kwa neno. Marekebisho yanayofanywa hapa ni ya bei nafuu, ukumbini kwenye mkutano mkuu ni ya ghali. Kisha ambatanisha dondoo ya muhtasari iliyothibitishwa na mwenye mamlaka ya kufanya hivyo. Azimio zuri lililokosa dondoo hukaa kwenye droo ya sekretarieti likisubiri.

Kuhusu maazimio ya dharura, milango yake ni myembamba. Kwa kawaida hukubaliwa tu ikiwa jambo lenyewe limezuka baada ya tarehe ya mwisho. Kuchelewa kwenu si dharura.

Kamati ya maazimio

Ikishalipokea, kamati italichambua na kuliweka kwenye fungu. Yapo yanayofuata msimamo ambao jumuiya tayari inao, na hayo mara nyingi hupigiwa kura kwa mkupuo bila mjadala. Yapo mapya yanayohitaji kujadiliwa. Yapo yaliyo nje ya mamlaka ya jumuiya, na yanayofanana yanayounganishwa kuwa moja.

Ukiambiwa azimio lenu litaunganishwa na la halmashauri nyingine, usikatae kwa wivu wa jina. Omba kitu kimoja tu: usome maneno ya mwisho kabla hayajachapishwa. Uunganishaji ndipo vifungu vyenye meno hung'olewa, kwa kuwa kamati hutafuta maneno yanayomridhisha kila mmoja. Kama "(c) miezi 24" imetoweka, uliza kwa nini na ujibu kwa hoja ya mhandisi.

Mapendekezo ya kamati (kuafiki, kukataa, au kuliacha bila pendekezo) yana nguvu kubwa. Wajumbe wengi hufika na kitabu cha maazimio wasichokifungua, na huinua mkono kufuata pendekezo. Likipendekezwa likataliwe, mtafute mwenyekiti wa kamati kabla ya mkutano ujue kasoro waliyoiona.

Ukumbini

Utapewa dakika chache, pengine mbili. Mtoa hoja asisome azimio, wajumbe wanalo mkononi. Aseme tatizo kwa mfano mmoja wa mtaani kwake, aseme serikali inaombwa nini, aseme itawagharimu nini wanaoombwa, akae. "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kutoa hoja." Anayeafiki atoke halmashauri isiyofanana na yenu, ili ukumbi uone si shida ya mji mmoja. Hili hupangwa siku kabla, kwa simu, si kwa kumkonyeza mtu akiwa kwenye kiti.

Marekebisho kutoka kwa wajumbe yapime kwa haraka. Mtu akitaka siku 60 ziwe 90, kubali, roho ya azimio haijaguswa. Akitaka "irekebishe Sheria" iwe "itazame uwezekano wa kurekebisha Sheria", pinga papo hapo na ueleze kwa nini, hata kama ni rafiki. Na akipendekeza "pamoja na mambo mengine yanayofanana na hayo", mwambie kwa heshima alete azimio lake. Andika kila rekebisho lililopita neno kwa neno na umthibitishie karani wa mkutano kabla ya kuondoka. Baada ya hapo maneno yaliyomo kwenye muhtasari ndiyo azimio, si yale uliyodhani umesikia.

Likishindwa, uliza waliopinga. Aghalabu kuna kifungu kimoja kilichowatisha, na kwa kawaida ni kile kinachohusu fedha.

Baada ya kura

Hapa ndipo halmashauri nyingi husahau. Kupita kwa azimio kunaipa jumuiya ruhusa ya kuzungumza kwa niaba ya wote, lakini sekretarieti ina maazimio mengi na watumishi wachache. Litakalosogea ni lile lenye mtu anayeliulizia. Baraza liteue afisa mmoja wa kufuatilia. Mjulishe mbunge wenu kwa barua fupi, ukiambatanisha kifungu cha uamuzi na ukurasa mmoja wa maelezo. Wasiliana na halmashauri zilizoafiki ziandike za kwao. Waziri anayepata barua kutoka manispaa kumi kuhusu kifungu kilekile cha sheria huagiza wanasheria wake wakitazame.

Jibu la serikali likija, lisome kama mwanasheria. "Tumepokea na tunathamini" ni kukataa. "Suala hili litazingatiwa katika mapitio yajayo ya sheria" ni mlango uliofunguliwa kidogo: ulizia mapitio hayo yanaanza lini na maoni yanapokelewa kwa njia gani, kisha upeleke maneno yaleyale ya (a), (b) na (c). Likikataliwa kwa sababu iliyotajwa, iandike sababu hiyo kwenye faili, kwani ndiyo itakayojibiwa na dibaji ya azimio lijalo. Likikataliwa bila sababu, jumuiya iandike kuiomba.

Na serikali ikikubali, kazi inarudi kwenu. Sheria ikirekebishwa, halmashauri haitaweza kudai dhamana hata siku moja mpaka iwe na sheria ndogo inayosema ni kiasi gani, inalipwa kwa nani, na inarudishwa lini. Andaeni rasimu yake wakati muswada ungali bungeni.